Programu Ndiyo Ibadilike, Si Mama

Jumamosi, jioni. Baridi ya Julai. Ukungu umekaa tangu asubuhi na Mlima Meru hatujauona kabisa leo, ingawa tunaishi mgongoni mwake.

Vidole vyangu vimepoa lakini masikio yanawaka. Ndani ya wiki moja nimewakatalia watu wazima mara mbili, mbele ya kwaya nzima, na nimekaa hapa najitafutia majuto siyaoni.

Nilifundishwa vizuri. Nasema shikamoo hata kwa mtu aliyenikanyaga. Nikitumwa naenda, nikiitwa naitika, darasani nanyoosha mkono na kusubiri. Kwa hiyo sijui hili neno "hapana" lilikuwa limejificha wapi. Limetoka tu. Na baada ya kutoka nimeliangalia vizuri, nikaona ni langu.

Shajara, ngoja nianze mwanzo, maana wanaosoma huku kwenye blogu wengine hawanijui.

Mimi ni Aneth, niko kidato cha tatu, na nyumbani kwetu ni juu ya Sekei, kwenye migomba na kahawa. Kwaya ya usharika wetu inataka kurekodi nyimbo zake ziingie kwenye CD, ili nazo zipigwe kwenye hizi redio za FM zinazofunguliwa mjini kila kukicha. Siku ya kurekodi ni Jumamosi ijayo. Kilichogombaniwa ni kitu kidogo sana: nani atakaa kwenye kiti cha mbele ya kompyuta siku hiyo. Mimi, au Kaka Obadia.

Kaka Obadia ndiye fundi mitambo wa usharika. Ibada, msiba, harusi, spika anabeba yeye, hata njia ikiwa tope tupu. Ana banda la kutengeneza redio kule Ngaramtoni, na ana mikisa yake ya chuma, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki zote ziwe moja. Akishaifunga, anapandisha kila kitu mpaka mwisho, na watu wa ng'ambo ya korongo wanajua kwamba ibada imeanza. Simchukii. Niseme ukweli, ni mtu mwema. Lakini kupandisha kila kitu mpaka mwisho si kuchanganya.

Mikisa yangu mimi haishikiki. Imo ndani ya kompyuta.

Usharika wetu una chumba cha kompyuta pembeni mwa kanisa. Mashine zilitoka kwa marafiki wa ng'ambo, zilikuja zimeshachoka, na virusi vikazimaliza moja baada ya nyingine. Halafu mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa likizo akaziwekea mfumo huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuufungua ndani na kuubadilisha. Kwenye mashine moja akakuta kadi ya sauti isiyo ya kawaida, yenye matundu ya kuchomeka maiki kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa kuwa nilikuwa namsaidia kila siku, akaniwekea na programu huria ya kuiongoza. Likizo ikaisha, yeye akarudi chuoni, mimi nikabaki na kadi.

Programu yenyewe inachora mikisa kwenye kioo. Kila maiki ina mstari wake, na kwenye mstari kuna kidude unachokitelezesha: juu sauti inakua, chini inapungua. Mimi naviita vitelezi. Wanaoitengeneza ni watu wachache wa kujitolea, kila mtu nchi yake, wanawasiliana kwa barua pepe, na msimamizi wao anaishi mahali penye baridi kuliko hii yetu. Walikuwa wanatafuta watu wa kuijaribu kwenye mashine za kila aina na kuwaambia inakwama wapi. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha shule, nikasahihisha kila sentensi kama insha ya mtihani: mimi nitajaribu.

Kasoro ya kwanza niliyowaandikia ilitokana na uzee wa kioo chetu. Rangi nyekundu ilishakufa, kila kitu kinaonekana kijani. Na kwenye programu, kitufe cha kuzima maiki kilikuwa kinabadilika rangi tu, kijani maana yake inasikia, nyekundu maana yake imezimwa. Kwangu zote zilikuwa zinasikia. Nikawaomba, maiki ikizimwa, kitufe kichorwe mstari wa kukikata katikati. Toleo lililofuata likaja na mstari.

Nilikaa nikiuangalia ule mstari mpaka chai yangu ikapoa. Mtu ambaye hajawahi kuniona alikuwa amekubali kwamba naona.

Kisha kikaja kitufe kipya kinachoitwa Pima, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Unakibonyeza mara moja, programu inaisikiliza maiki kwa muda, inashika sauti kubwa kuliko zote ilizosikia, halafu inakipanga kitelezi yenyewe ili hata sauti hiyo kubwa isikwaruze. Nilikijaribu peke yangu kwa siku nyingi, nikiimba mwenyewe chumbani kama kichaa mpole. Kilifanya kazi vizuri sana. Basi nikamwendea Mwalimu Elirehema, mwalimu wetu wa kwaya, nikamwambia kompyuta ya usharika inaweza kurekodi kwaya kila sauti na maiki yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akakubali tuihamishie kanisani, tujaribu Jumamosi iliyopita.

Kila sauti ikatoa mtu mmoja wa kupima maiki. Sauti ya pili walimtoa Mama yangu. Akasogea, akaweka vizuri kitambaa chake cha kichwa, akashika maiki. Nikabonyeza Pima.

"Jaribu, Mama."

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!" kwaya nzima ikaitika.

Akafuata Mzee Anaeli wa sauti ya nne, ambaye salamu moja haijawahi kumtosha. "Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena na tena!" Na kila mara watu wakamjibu kwa kifua. Wengine nao wakafanya vivyo hivyo. Vitelezi vikajipanga vyenyewe, nikafurahi. Kwaya ikaimba wimbo mzima, nikarekodi, nikawafungulia wasikilize.

Aibu, Shajara.

Ilisikika kwaya inayoimba nyuma ya kilima, na juu yake mvumo kama mvua ya mbali kwenye mabati. Watu wakainamisha vichwa kutafuta sauti zao. Kaka Obadia alikuwa ameegemea nguzo.

"Aisee, Aneth, umerekodi kwaya au umerekodi ndoto zao?"

Kicheko kikajaa kanisani. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine.

"Mdogo wangu, kompyuta ni ya kuchapa barua za mchungaji," akasema, si kwa ubaya. "Pisha nikuonyeshe."

Akafunga mikisa yake, akapandisha kila kitu, akarekodi wimbo uleule. Ilitoka sauti kubwa ya kukwaruza, sauti ya nne imewameza wengine wote, na maneno ya sauti ya pili hukuti hata moja. Watu wakapiga makofi.

"Hiyo sasa!" alisema Mzee Anaeli. "Hiyo ina uzito!"

Mwalimu akaona tumeshamaliza. "Basi, siku ya kurekodi mitambo atashika Obadia. Aneth atasaidia kukunja waya."

"Hapana, Mwalimu."

Hilo ndilo la kwanza. Mama alinifinya mkono wa juu, pale panapouma. Nikaendelea tu, sauti ikinitetemeka: "Kuna kitu kimekosewa na bado sikijui. Naomba Jumamosi nyingine nijaribu tena. Nikikijua nitawaonyesha, nisipokijua nitakunja waya."

Mwalimu Elirehema alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Jumamosi," akasema. "Mara moja tu."

Tulipanda kwenda nyumbani. Tulipofika mlangoni Mama akasema, "Umeniaibisha." Hakusema nimekosea. Tofauti hiyo niliishika usiku kucha.

Jumapili ibada ilipoisha nilikwenda moja kwa moja chumba cha kompyuta. Bahati nzuri nilikuwa nimeacha kurekodi kukiendelea tangu wakati wa kupima. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza. Sauti ya Mama, ndogo na safi: Bwana Yesu asifiwe. Halafu "Amina!" kama lori linalomwaga mawe. Sauti zote, kwenye maiki zote, kila mara.

Nikaelewa. Programu ilikuwa imetii kabisa nilichoiambia. Ilitafuta sauti kubwa kuliko zote, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa Amina. Ikapanga vitelezi kwa ajili ya Amina, ikavishusha chini kabisa, na wimbo ulipokuja ukakuta mlango umeachwa wazi upenyo tu.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.

Nilishuka Sekei kwenye intaneti, nikamwandikia msimamizi. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hashiki maiki akaanza tu kusema. Anasalimu, na watu wote wanaitika. Kesho yake jibu likawepo. Alifurahi nimegundua chanzo, na dawa yake ilikuwa nyepesi: waambie wasisalimiane wakati wa kupima. Wahesabu moja hadi kumi.

Nilimkuta Mama anamenya ndizi.

"Mama, Jumamosi ukishika maiki, unaweza usiseme Bwana Yesu asifiwe? Uhesabu tu. Moja, mbili, tatu."

"Nihesabu?"

"Ndiyo."

"Nisimame kanisani, mbele za watu, nishike maiki nianze kuhesabu kama naangalia vifaranga vyangu?"

"Ni kwa ajili ya mashine, Mama. Salamu inaichanganya."

Akanitazama kama nimemwambia aingie nyumba ya watu bila hodi. "Kwani mashine yako haina adabu?"

"Haijui tu."

"Basi ifundishe."

Akaendelea na ndizi zake. Sidhani kama anajua alichonipa.

Nilirudi Sekei nikaandika: tatizo si salamu. Kwa nini watu wa kwaya nzima wabadilishe namna yao ya kusimama mbele ya wenzao, ili kitufe kimoja kibaki kilivyo? Programu ndiyo ibadilike, si Mama. Niliisoma mara kadhaa kabla ya kuituma. Kwa Kiingereza ilionekana kali kuliko nilivyokusudia. Nikaituma hivyohivyo.

Akanijibu kwamba watu wengi wanaotumia programu hii hurekodi peke yao chumbani, na kwao kitufe hakina shida. Kama naona kuna njia bora, niitengeneze niilete.

Niitengeneze. Mimi. Sijui kama alikuwa ananikaribisha au ananinyamazisha. Niliamua kwamba ananikaribisha.

Wazo lilikuja nikiwa nachota maji, mkono umeshika bomba. Ukifungua linatoka, ukifunga linakoma, wewe ndiye unayeamua ni maji gani yaingie kwenye ndoo. Kitufe cha Pima kiwe hivyo. Kisipime kwa kubonyezwa mara moja na kuachwa; kipime wakati umekishikilia tu. Salamu ipite, Amina ipite, kidole kikiwa kando. Wimbo ukianza, shikilia. Ukiachia, inakoma.

Kusema ni rahisi. Lugha ya kompyuta naijua kidogo sana, nimejifunza kwa kusoma yaliyoandikwa na wenzangu mle ndani ya programu, naiga hapa, nabadilisha pale, naomba isilipuke. Jumanne programu ilikataa hata kufunguka. Jumatano ilifunguka lakini ukishaanza kupima haikomi, unaachia kitufe, yenyewe inaendelea kusikiliza kama jirani mmbea. Nilipokaribia kuona kosa, umeme ukakatika na nilikuwa sijahifadhi. Nilikaa gizani dakika chache nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumtupia, halafu nikaenda nyumbani kukata majani ya ng'ombe.

Alhamisi ikafanya kazi.

Nikaongeza na kistari chembamba kando ya kila kitelezi, kinachobaki pale sauti ilipofika juu kabisa, ili macho yaone ambacho sikio limesahau. Nikatuma. Ijumaa msimamizi akajibu kwamba kazi ni nzuri na ataipokea, ila itakaa kwenye mipangilio, kwa atakayetaka kuiwasha. Kawaida itabaki ya zamani, maana wengi hawataihitaji.

Nilimwuliza hao wengi amewahesabia wapi. Bado hajanijibu. Nitamwuliza tena.

Sasa leo.

Niliwahi, nikapanga maiki, nikakaa kwenye kiti. Kwaya wakaingia wakiwa na makoti na mitandio, wanapuliza viganja. Kaka Obadia akaja na mikisa yake begani, akaiweka chini bila kuifungua.

"Leo inaota au imeamka?" akaniuliza.

"Shikamoo, Kaka Obadia. Imeamka."

"Marahaba. Tutaona."

Mama akashika maiki. "Bwana Yesu asifiwe!" Kanisa likaitika, vioo vya madirisha vikatetemeka. Mikono yangu yote ilikuwa mapajani. Nikasubiri mpaka mwangwi ukaisha.

"Sasa imba, Mama. Ubeti wa kwanza."

Akaimba peke yake. Nikashikilia. Kistari kikapanda, kikasimama. Nikaachia. Tukaenda hivyo kwa sauti zote, hata kwa Mzee Anaeli, aliyesalimu mpaka akaridhika. Kwaya ikaimba, nikarekodi, nikafungua spika.

"Ndogo," mtu akasema nyuma.

"Ngojeni." Nikapandisha spika yenyewe, ikafika sawa na ile ya Kaka Obadia ya wiki iliyopita.

Na hapo, Shajara, nikaisikia sauti ya pili. Sote tuliisikia. Ile njia yao ya katikati ambayo siku zote imefunikwa na wanaume, ilikuwa inapita wazi, kila neno na mwanzo wake na mwisho wake. Mama alikuwa amesimama karibu na spika, mkono mdomoni. "Kumbe tunaimba hivi," alimnong'oneza jirani yake.

Halafu kwenye kiitikio, sauti ya kwanza ikapasuka. Krrr. Kaka Obadia akanyanyua kidole.

"Hapo imekwaruza."

Ilikuwa kweli. Ningeweza kubisha, na nilitamani kubisha. Lakini kistari kilikuwa kimegonga juu, kila mtu aliyejua kukisoma angekiona, yaani mimi.

"Imekwaruza," nikasema. "Nimempima mtu mmoja mwenye aibu. Wakiimba wote, aibu inaisha."

"Sasa umesema," akajibu.

"Mwalimu, naomba waimbe wote kiitikio, nipime tena."

Waliimba. Nikashikilia sauti moja baada ya nyingine, wote wakiwa wanaimba kwa nguvu zao za kweli. Tukarekodi tena. Haikukwaruza popote. Nilisikiliza mpaka mwisho huku nimeuma meno, nikisubiri ile krrr, haikuja.

Nilidhani nimeshinda. Bado nina mengi ya kujifunza kuhusu kushinda.

Mwalimu Elirehema akasimama. Akanisifu, maneno mazuri, akasema usharika una bahati. Jumamosi tutatumia kompyuta. "Ila," akasema, "siku hiyo kutakuwa na wageni, wachungaji, kwaya za jirani. Haitapendeza waingie wakute kwenye mitambo mikubwa ameketi mtoto wa sketi ya shule. Obadia ni mtu mzima. Yeye atakaa, Aneth atamwelekeza kwa nyuma."

Watu wakatikisa vichwa. Lilionekana jambo la busara. Hilo ndilo linalouma, lilionekana la busara kabisa.

Nakuandikia ukweli. Wakati huo flashi yangu, ile ninayobebea kazi zangu za kompyuta, ilikuwa mfukoni. Ningeweza kuchukua badiliko langu, nikalifuta kwenye ile mashine, nikawaachia kitufe cha zamani wapime Amina zao. Kwa muda wa pumzi mbili tatu, niliona raha ya kufanya hivyo. Lakini programu hii ni huria. Niliipata bure kwa sababu kuna watu waliokataa kuificha, na nilipotuma badiliko langu nilikubali maneno yaleyale: yeyote aitumie, kwa kazi yoyote. Hakuna mahali palipoandikwa isipokuwa Kaka Obadia.

Basi nikaamua kwamba programu siwezi kuwanyima. Kiti ndicho nitakachokikatalia.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. Safari hii sauti haikutetemeka. "Kompyuta mtaitumia, hata nisipokuwepo, na Kaka Obadia nitamfundisha kila kitu kuanzia kesho, kwa moyo wote. Lakini kama ni kazi yangu inayoonekana siku hiyo, naomba na mimi nionekane. Sitasimama nyuma ya mtu nikimnong'oneza ninachokijua."

"Aisee," Kaka Obadia akapiga mluzi. "Huyu mtoto ana shingo ngumu."

"Ana shingo ya kwao," mtu wa sauti ya tatu akasema, na watu wakacheka kidogo, wakimwangalia Mama.

Mzee Anaeli akadakia. "Mimi hata hiyo ya leo siipendi. Sauti ya nne tumepungua! Mmetufunika!"

"Mmefunikwa?" Mama akageuka. Nilijua mgeuko ule. Hapo hata ng'ombe husogea. "Mzee wangu, nyie mmekaa juu yetu tangu nikiwa msichana. Leo mmeshushwa kidogo mkae sawa na wenzenu, tayari mnalia?"

Sauti ya pili wote wakapiga vigelegele. Mzee Anaeli akajitahidi kukunja uso, akashindwa, akacheka na yeye.

"Taratibu, taratibu," Mwalimu akasema. "Mama Aneth, mnataka nini?"

Mama akaweka vizuri kitambaa chake cha kichwa. Hakuniangalia. "Hayo ya mtoto kumkatalia mwalimu wake, nitayamaliza naye nyumbani. Lakini sisi sauti ya pili tunataka aliyetupima ndiye aturekodi. Kama wageni wataona vibaya, watatuona sisi, sio yeye."

Mwalimu akamgeukia Kaka Obadia. "Wewe unasemaje?"

Kaka Obadia akaiangalia mikisa yake sakafuni, akaniangalia mimi. "Mimi nitakaa na spika," akasema. "Huko kwenye kioo kila kitu ni kijani, sioni kitu. Akae. Ila akiharibu, nisiambiwe nilikuwepo."

"Basi akae," Mwalimu akasema, na akaifuta tena miwani yake, ingawa ilikuwa safi.

Mama ameniambia nimsubiri hapa chumba cha kompyuta mpaka kikao cha akina mama kiishe, tupande wote. Najua njiani nitasemwa. Nitasikiliza, nitaitika, nitaomba radhi kwa namna nilivyosema. Kwa nilichosema, hapana.

Nje ukungu unaingia mpaka mlangoni. Sasa ndiyo naogopa, Shajara, sitakuficha. Kiti nimekipata, na kiti kina kazi. Wageni watakuwa wamejaa, umeme unaweza kukatika, kistari kinaweza kugonga juu katikati ya wimbo mzuri kuliko zote, na kila mtu atajua aliyekuwa amekaa pale ni nani.

Je, nikishindwa?

Nitashindwa nikiwa nimekaa.